Kitanda cha Mama Mkwe Kinapumua

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti chumbani kwa mama mkwe wangu, sikio nimelibana kwenye ubavu wa kitanda chake. Najua wengine mlinifikiria vibaya. Nieleze upya nilivyofika pale, kisha mnifikirie vibaya kwa haki.

Nilikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala. Ghala likafungwa. Siku ya mwisho meneja alitushika mkono mmoja mmoja, akasema paleti tupu zilizorundikwa uani tunaweza kuchukua. Paleti ni yale machaga ya mbao ambayo mzigo huwekwa juu yake ili foklifti ipate pa kupitisha vyuma vyake. Wenzangu wengi waliondoka na mkono wa meneja tu. Mimi niliondoka na paleti.

Nyumba ya kupanga ikatushinda, tukahamia kwa mama yake mke wangu. Mwanamume akihamia ukweni hana pa kukohoa. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mwenye lori, alikuja siku ile ile, akalitazama rundo la paleti uani, akanikumbusha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamwambia jembe silijui vizuri, ila msumeno ninao.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake ikiwa uchi na inalia, kwa hiyo hakuna anayempandishia sauti. Kitanda chake cha chuma kilikuwa kimelegea na kinamuumiza nyonga. Akatoa hukumu. Nimtengenezee kitanda kwa mbao zile. Kikimfaa, tunabaki, na chumba cha uani kinakuwa karakana yangu. Kisipomfaa, anahamia kwa mwanawe na nyumba inapangishwa.

Mke wangu naye hakunificha. Alisema mama yake akihama, anahama naye, maana hawezi kumwachia wifi kazi ya kumtunza mama. Na shemeji alishasema nyumba yake ina nafasi ya mama na dada yake, si ya mwanamume wa pili.

Kwa hiyo kitanda kile kilikuwa ndoa yangu yenye miguu minne.

Nilikitengeneza. Wanaofuatilia wanakumbuka nilivyozipasua paleti za mwanzo kwa mtaimbo, nikapata kuni, kisha nikajifunza kupitisha msumeno wa chuma katikati ya ubao na gogo lililoushikilia kwa chini ili nikate misumari badala ya kuing'oa. Wanakumbuka jirani alivyokuja kuuliza tunachinja nini. Kitanda kikasimama. Mama akakilalia, akakisifu. Kisha asubuhi moja, kabla ya chai, akaniita kwa sauti ya zamu ya kliniki.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "kitanda chako kinatafuna."

Hapo ndipo nilipopiga magoti.

Yeye alisimama dirishani amejifunika shuka hadi shingoni, anatazama nje, kwa heshima yangu na yake. Mke wangu alisimama mlangoni kama shahidi. Mimi nikasikiliza.

Mwanzoni nilisikia moyo wangu tu. Kisha nikasikia na kitu kingine ndani ya ubao. Krr. Kimya. Krr, krr. Kama mtu anayekula tosti chumba cha pili.

Nikainama kuchungulia chini ya kitanda. Sakafuni, chini ya kila ubao, kulikuwa na vichuguu vidogo vya unga mlaini wa rangi ya maziwa. Juu ya kila kichuguu, kwenye ubao, palikuwa na tundu dogo la mviringo.

Nilijua pale pale. Fukusi. Wadudu wanaokula mbao kwa ndani, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye kesho.

"Ni nini?" akauliza mama, bado anatazama nje.

Sasa naomba mnielewe. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Neno moja tu. Lakini nyuma ya neno lile niliona lori la shemeji limesimama uani, na mke wangu anapandisha mabegi. Jibu la kweli likarudi kooni, likatoka jingine.

"Mbao inapumua, mama."

Mke wangu akanitazama. Sikumtazama.

Nikaendelea, maana uongo ukishatoka mlangoni unahitaji kusindikizwa. Nikasema mbao mpya kitandani hupokea joto la mwili, basi hupanuka mchana na kujirudi usiku, na kule kujirudi ndiko kunakotoa sauti. Nikasema mafundi wakubwa hukitambua kitanda kizuri kwa sauti hiyo. Sijawahi kukutana na fundi mkubwa hata mmoja.

Mama akavuta shuka vizuri shingoni. Kisha akasema kama ni hivyo basi kiache kipumue, ilimradi hakimuumizi nyonga. Akaongeza kwamba tangu aanze kukilalia analala kama mtoto aliyeshiba. Nilitoka chumbani kwa magoti, nikiwa nimevijaza vichuguu vyote kwenye mfuko wa shati.

Jikoni mke wangu alinyoosha mkono, akauingiza mfukoni mwangu, akatoa unga kwenye kidole.

"Hii ni pumzi?"

Nikamwambia ni vumbi la msumeno. Akanikumbusha kwamba msumeno haujawahi kuingia chumbani kwa mama yake. Mke wangu ni fundi cherehani. Ukimdanganya kwenye mshono, anautafuta uzi uliolegea na kuuvuta mpaka nguo yote inafumuka. Akavuta. Nikafumuka. Nilimwambia kila kitu, na akaniambia kitu kimoja tu.

"Mwambie mama."

Nikamwomba anivumilie mpaka Jumapili ipite. Jumapili shemeji alikuwa anakuja kwa kikao cha kuamua habari ya nyumba. Nikishapita kikao, nitamwambia mama kwa mdomo wangu. Na kabla ya kikao nitazibadilisha zile mbao zote, ili nikisema ukweli, ukweli uwe umeshapona.

Akasema ukweli hauuguzwi. Lakini hakwenda kusema, na mimi nikakichukua kimya chake kama ruhusa. Waume wengi hufanya kosa hili.

Nilikwenda kwa mwenzangu wa zamani wa ghala. Yeye alikuwa mkaguzi wa mizigo, anayezunguka na kalamu anaweka alama, ndiyo maana tulimwita Tiki. Nilimkuta kwake amekaa juu ya paleti, anakunywa chai. Nikamweleza shida yangu bila kutaja mama mkwe. Akaniuliza niliondoka na paleti za aina gani, zenye muhuri au zisizo na muhuri.

Mnaofanya kazi ghalani mnajua. Paleti nyingi zimechomwa muhuri ubavuni, kijipicha cha suke na herufi kadhaa. Mimi nimeziinua paleti miaka yote kwa foklifti, nimezipanga, nimezikanyaga, na nilikuwa na maelezo yangu kuhusu muhuri ule. Kwetu sote kitu kikichomwa chapa maana yake kina mwenyewe. Ng'ombe akichomwa chapa, ana mwenyewe. Sasa mimi nilikuwa nahamia ukweni. Sikutaka siku moja mtu abishe hodi kwa mama mkwe akidai mbao zake. Meneja alipotwambia tuchukue, nilichagua kwa uangalifu mkubwa zile ambazo hazina muhuri hata mmoja.

Nilimweleza Tiki hivyo, kwa fahari kidogo.

Tiki aliweka kikombe chini. Alicheka mpaka akakiondoa kikombe karibu na mguu wake ili asikipige teke.

"Muhuri si wa mwenyewe, bwana. Muhuri maana yake mbao imepita kwenye tanuru, imepashwa joto mpaka kila mdudu amekufa. Zisizo na muhuri hazijapita popote. Zile zilikuwa zinangoja kwenda kuchomwa moto."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema aliniona nazichagua moja moja kwa makini kama mtu anayechagua mchumba, akadhani najua ninachokitafuta.

Hivyo ndivyo uaminifu ulivyoniingiza wadudu. Laiti ningekuwa mwizi kidogo, leo ningekuwa na karakana.

Tiki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na paleti zenye muhuri zimebaki, na mkewe alikuwa amechoka kuziruka kila akitoka. Akanipa zote. Nilizibeba kwa mkokoteni, muhuri umeelekea nje, ili kila mpita njia auone.

Kazi ikaanza upya. Niwaambie wanaofikiria kwamba kupasua paleti nyumbani ni jambo dogo: paleti haikutengenezwa ifunguke. Misumari yake imesokotwa kama skrubu, imeingia ikazunguka ikakaa. Unalaza paleti kwa ubavu, unatafuta mwanya kati ya ubao na gogo, unauingiza msumeno wa chuma, unakata msumari kwa msumari. Mkono unakufa ganzi mpaka begani. Ukiharakisha ubao unachanika, ukiupasua mmoja ni kama umepasua wote, maana upana wa kitanda ni ule ule. Mwishoni unabaki na vichwa vya misumari ndani ya ubao, vyeusi, na unavigonga kimoja kimoja kutoka nyuma.

Nilikuwa nakata mama akiwa kliniki, ambako bado huenda kusaidia wanawake wanaoogopa madaktari. Akirudi, ananikuta napiga randa, ananisifu kwa bidii. Akauliza natengeneza nini tena. Nikasema meza. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Hili ndilo lililonitisha, na lilinitisha kwa muda wa kama dakika moja.

Siku mama alipokwenda kutwa nzima, nilifungua kitanda. Mke wangu alikuja kunisaidia bila kuombwa. Alishika upande wa pili wa kila ubao nilipokuwa nafungua skrubu.

"Nashika mbao," akasema. "Uongo ushike mwenyewe."

Nikatoa mbao zote za zamani, nikaweka mpya, nikafuta sakafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikarudisha godoro na shuka. Mke wangu akakunja pembe za shuka kama mama yake anavyozikunja. Hata mimi nisingejua kwamba kitanda kimebadilika.

Zikabaki mbao za wadudu. Nilitaka kuzichoma siku ile ile. Lakini jirani alikuwa ameanika nguo ua mzima, na mama mkwe kifua chake hakitaki moshi. Nikazipanga vizuri nyuma ya nyumba, nikazifunika gunia, nikajiambia nitazichoma kesho.

Kesho alikuja shemeji.

Alikuja kabla ya siku yake, kuona mambo yakoje kabla ya kikao. Alizunguka nyumba kama mnunuzi. Akafika nyuma, akafunua gunia.

Niseme kweli, mbao zile zilikuwa zimependeza. Zilipigwa randa, hazina msumari, zimekatwa sawa. Matundu yalikuwa upande wa chini. Shemeji alichukua mmoja, akaupitisha mkono juu yake, akauelekeza kwenye jua na kuukodolea jicho moja ili aone kama umenyooka. Ulikuwa umenyooka.

"Hii umefanya wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Kazi nzuri, shemeji."

Nimemjua mtu huyu tangu nimchumbie dada yake. Kwenye harusi yetu alinipongeza kwa kuniambia nimebahatika, na alimaanisha kwamba dada yake hakubahatika. Hajawahi kutamka neno zuri juu ya kitu nilichokifanya. Sasa alikuwa amesimama na ubao wangu mkononi, ananitazama kama mwanamume mwenzake. Nilifurahi. Siwezi kulificha hilo, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Akauliza nazifanyia nini. Nikasema ni mabaki. Akasema yeye anamalizia dari ya chumba cha wageni, na kama ni mabaki, azichukue.

Hapa ndipo ninapoungama wiki hii. Yote mengine mnaweza kuyaita ujinga. Kubeba mbao mbovu kwa sababu nilidhani nzuri, huo ni ujinga. Kumwambia mama kwamba kitanda kinapumua, huo ni woga. Lakini pale nyuma ya nyumba nilikuwa na akili zangu timamu. Ningesema tu, acha shemeji, zina wadudu. Badala yake nikamsaidia kupakia.

Nilimsaidia hata kufunga kamba.

Mke wangu alipojua, aliacha cherehani. Hakugomba. Aliuliza kama namchukia kaka yake kiasi kile. Nikamwambia si chuki, na ilikuwa kweli. Hilo lilimshangaza zaidi. Alirudi kushona, na kwa muda mrefu nilisikia cherehani tu.

Siku zilizofuata niligundua jambo ambalo sikulitarajia. Mama mkwe alikuwa hapati usingizi.

Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba. Chai yake ilipoa mbele yake. Mke wangu alimuuliza kama nyonga imerudi, akasema nyonga haina neno. Alimuuliza kama ni presha, akasema mashine inasema presha iko sawa. Alianza kusinzia kitini mchana, na aliposhtuka alitazama kuelekea chumbani kwake, kama mtu aliyesikia mgeni ameondoka bila kuaga.

Nilijisemea ni wasiwasi wa kikao.

Jumapili ikafika. Shemeji alikaa kwenye kochi kubwa, mama kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, mke wangu karibu na mama. Mimi nilikaa kwenye stuli niliyoitengeneza mwenyewe, ili ionekane.

Shemeji alianza. Alisema mama amezeeka, nyumba ni kubwa, na kuna watu wanaitaka kupanga. Alisema kwake kuna chumba kimeshakamilika, kina dari mpya. Aliposema dari aliniinamishia kichwa kidogo, kwa shukrani. Nikainamisha changu.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alichokuja kusema.

Alisema kitanda ni kizuri. Nyonga imepona. Alisema alikuwa ameshaamua tangu wiki ile ya kwanza kwamba tubaki, na kwamba mkwe wake ni mtu wa kazi, na chumba cha uani apewe.

Mke wangu alishusha pumzi. Mimi sikuthubutu.

"Lakini," akasema mama, "kuna jambo. Baba, kitanda kimenyamaza."

Nikasema mbao imezoea.

Akatikisa kichwa. Akasema anataka kutueleza kitu, na tusimcheke. Marehemu baba mkwe, alisema, alikuwa anasaga meno usingizini. Maisha yao yote ya ndoa alikuwa anasaga meno, na yeye alikuwa akimsukuma kidogo begani, anamwambia geuka. Anageuka, ananyamaza, wanalala. Alipofariki chumba kilikuwa kimya, na kimya kile ndicho kilichokuwa kikimwamsha. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Kisha ukaniletea kitanda hiki. Usiku wa pili nikasikia. Sauti ile ile. Nikadhani naumwa, ndiyo maana nilikuita usikilize, uniambie kama ni mimi tu. Wewe ukasema mbao inapumua. Nikafurahi. Basi kila ikianza, naigonga kidogo kwa kidole, naiambia geuka." Alitazama mikono yake. "Na ilikuwa inanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa anatazama zulia. Mke wangu alikuwa ameshika mkono wa mama yake na anatokwa na machozi bila sauti. Mimi niliwafikiria wale wadudu, ambao wakigongewa ubao huacha kula kwanza, wasikilize.

Mama akaendelea. Alisema anajua nimebadilisha zile mbao. Amekunja shuka maisha yake yote, anajua shuka iliyokunjwa na mtu mwingine. Hakasiriki. Anaomba tu nizirudishe zile za mwanzo.

"Ziko wapi?"

Shemeji akainua kichwa taratibu.

"Ziko kwangu, mama. Kwenye dari ya chumba cha wageni." Akakuna shavu. "Ndiyo maana. Nimeweka sumu ya panya mara mbili."

Uso wa mama ulichangamka. Nimeuona uso ule ukipokea habari nyingi, lakini sikuwahi kuuona hivyo. Akasema basi halina shida. Atakwenda kwa mwanawe. Si kuhama kabisa, atakwenda kulala kule, chini ya zile mbao, aone kama usingizi utarudi. Ukirudi, atakaa.

Shemeji alifungua mikono kama mtu aliyepokea zawadi bila kuiomba. Mke wangu alinigeukia. Na mimi nikaona kila kitu kinaondoka: mama, kisha mke wangu nyuma yake, kisha nyumba yenyewe. Kulikuwa na njia moja tu ya kumzuia mama asiende.

Nikasimama.

"Mama, usiende. Zile mbao zina wadudu."

Nikasema yote. Nilisema kuhusu muhuri na Tiki, kuhusu vichuguu na mfuko wa shati, kuhusu meza ambayo haikuwahi kuwapo. Nilimwambia shemeji kwamba dari yake italiwa, na baada ya dari ni kenchi za paa, na kwamba nilijua hivyo nilipokuwa namfungia kamba. Shemeji hakuinuka. Nadhani alikuwa bado yuko kwenye sumu ya panya.

Mama alinisikiliza kama anavyosikiliza tumbo la mjamzito, kichwa kimeinama upande.

"Kwa hiyo," akasema, "nilikuwa naongea na wadudu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nawaambia wageuke."

Nikasema naomba anisamehe.

"Nimedanganywa na wanawake wengi, baba. Mtu yuko kwenye uchungu, unamuuliza amekula nini, amemeza dawa gani, anakudanganya. Nimewasamehe wote, kwa sababu walikuwa na uchungu." Alinitazama sawasawa. "Wewe ulikuwa unaumwa nini?"

Ningeweza kusema niliogopa kumpoteza mke wangu. Ilikuwa kweli. Lakini mbele ya mwanamke yule, baada ya habari ya kusaga meno, ilionekana sababu ndogo mno. Nikakaa kwenye stuli yangu.

Mama akainuka bila kushikwa. Akamwambia mwanawe awashe gari. Shemeji akajaribu kusema kuhusu wadudu darini, mama akasema angalau kule anajua ni wadudu, na hakuna atakayemwambia ni pumzi. Nilisema ukweli ili abaki. Ukweli ndio uliomwondoa.

Akaongeza kwamba kitanda anakwenda nacho. Nyonga yake haina ugomvi na mtu. Nikifungue, wakipakie, na nisitoke nje kumuaga, maana akiniona ataniombea mabaya bure na yeye hataki.

Nikaingia chumbani na bisibisi.

Kitanda nilichokijenga ili nibaki nilikifungua ubao kwa ubao. Nilifungua taratibu. Mke wangu alikuwa akija, anachukua ubao, anautoa nje, anarudi. Mara ya kwanza aliporudi niliinua macho, naye akatazama skrubu. Baada ya hapo sikuinua macho, nilikuwa nasikiliza tu nyayo zake zikienda na kurudi kwenye korido. Kila ziliporudi nilishukuru.

Nikampa ubao wa mwisho. Aliupokea, akasimama nao kidogo. Nilidhani atasema kitu. Alifuta vumbi la begani mwangu kwa mkono wake mtupu, kama mtu anayemaliza nguo ya mteja, akatoka.

Nyayo zikaenda.

Nje, shemeji alikuwa anafunga kamba. Nilimsikia mama akiuliza kama mto wake umewekwa. Nilisikia sauti ya mke wangu ikijibu, lakini sikusikia maneno. Lori lina milango miwili. Ukafungwa wa kwanza. Ukafungwa wa pili. Injini ikanguruma, ikatoka uani, ikapita kwa jirani, ikapotea.

Nilibaki katikati ya chumba kitupu, na nyumba nzima ilikuwa kimya. Nilisubiri nyayo kwenye korido. Sikusikia kitu, lakini mke wangu hutembea polepole akiwa amekasirika, na wakati mwingine husimama jikoni kwanza anywe maji.

Basi nikaweka bisibisi chini, nikamwita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza funguo ziko wapi.